Ombi la Jumatano

Tusekile aliipeleka siri ya mchumba wake, Jastin, kwenye maombi ya akina mama, na Jastin akaondoka Igamba bila kuaga. Hilo ndilo tatizo. Mengine yote yanatoka humo.

Hakuipeleka kwa ubaya. Aliipeleka kama mtu anavyopeleka mtoto mwenye homa zahanati. Pale kanisani kwao, kila Jumatano baada ya kazi, akina mama hukaa kwenye mabenchi ya nyuma, na kabla ya kuomba kila mmoja hutaja hitaji lake. Huyu mumewe analewa. Yule ana mimba inayomsumbua. Mwingine kahawa yake imeshikwa na ugonjwa wa chulebuni, matunda yanaoza mtini. Likishatajwa linaombewa, na hakuna anayekwenda nalo nyumbani. Ndivyo wanavyosema.

Jumatano ile Tusekile alisimama. Jina hakutaja. Alisema, "Nina ndugu mmoja hamwamini Mungu. Anajifanya tu. Mama yake alipokuwa anakata roho alimwuliza, mwanangu, tutaonana kule? Akamjibu, tutaonana, mama. Alisema vile ili mama afe kwa amani. Sasa jambo hilo linamla. Naomba mwombeeni."

Akina mama wakainamisha vichwa. Mmoja hakuinamisha. Alikuwa mama mdogo Ketrina, mdogo wa marehemu mama yake Jastin. Siku ile ya mauti yeye ndiye aliyekuwa ameshika beseni kando ya kitanda, na maneno yale aliyasikia kwa masikio yake. Kwa miaka miwili ndiyo yaliyokuwa yanamtuliza akimkumbuka dada yake. Alijifunga kanga yake vizuri, akatoka nje kabla ya amina.

Kesho yake asubuhi ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba Jastin alimdanganya mama yake kwenye kitanda cha mauti. Jioni Jastin alikuwa Tunduma, mpakani na Zambia.

Sasa kahawa ilikuwa imeiva, upepo wa Julai unakata midomo, na Tusekile alishuka kwenye Coaster pale Mpemba, karibu na Tunduma, akiwa amekumbatia mfuko wenye sweta. Malori yalikuwa yamesimama kandokando ya barabara mpaka macho yanakoishia, yote yameelekeza pua mpakani. Madereva walikuwa wamekaa chini ya matela wanapika ugali kwenye majiko ya mchina. Alitembea akiuliza, "Samahani, fundi turubai yuko wapi?" Kila aliyemwuliza alinyoosha mkono mbele tu.

Dereva mmoja Mzambia, mnene, mwenye kofia ya manyoya, alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vilivyojaa vumbi.

"Mulishani, ba mayo."

"Bwino," Tusekile akaitikia. Alikuwa na shangazi huko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, salamu hizo alizijua.

"Fundi turubai unamtaka wa nini? Una lori?"

"Sina."

"Turubai je?"

"Sina."

"Basi wewe ndiye mwenye shida yenyewe." Akageuka akapaza sauti kuelekea juu ya lori lake. "Ba Jastin, mukashi wenu amekuja. Mke wako yuko hapa, na mimi turubai yangu bado ina tundu, kwa hiyo mkigombana gombaneni ukiwa unashona."

Juu kabisa ya shehena ya mbolea kichwa kilijitokeza. Tusekile aliinua uso. Jua lilikuwa nyuma yake, hakuyaona macho. Aliona mabega, na mabega yale angeyajua hata gizani. Yalikuwa yamepungua.

Jastin alimtazama tu, na Tusekile alijihisi kama mtu aliyesimamishwa mlangoni mvua ikinyesha.

"Umekuja," alisema hatimaye.

"Nimekuja."

"Nani kakuonyesha?"

"Osea." Osea alikuwa binamu yake Jastin, na ndiye aliyekuwa mshenga wao.

"Osea ana mdomo kama mlango wa dukani." Alijifuta jasho kwa mkono. "Vibaka wamempasua Clement turubai kwa wembe. Inatakiwa ikamilike kabla foleni haijasogea. Siwezi kushuka."

"Basi nitapanda."

"Na hiyo sketi?"

"Nimepanda miti ya parachichi na sketi hii hii."

Clement, yule dereva, alimwonyesha pa kukanyaga. Tusekile alipanda kamba kwa kamba, mfuko wa sweta ameuuma kwa meno, na alipofika juu Jastin alimpa mkono. Mkono ulikuwa mgumu kama ganda la mti, una alama za sindano. Aliushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika kupanda. Naye Jastin hakuuondoa.

"Kaa pale," Jastin alisema. "Shika upindo, vuta kuelekea kwako. Usilegeze. Kitambaa kikilegea mshono unakuja mbaya."

Kazi ya turubai ni ya watu wawili. Mmoja anashika na kuvuta, mwingine anashona kwa sindano ndefu ya magunia na uzi wa nailoni. Kule Igamba, Jastin alikuwa akiwashonea watu turubai za kuanikia kahawa, na Tusekile ndiye aliyekuwa akimshikia. Ndivyo walivyopendana, kama mnataka kujua. Mtu unamshikia kitambaa msimu mzima, uso wake uko karibu na magoti yako, anainama, anainuka, na siku moja anapoinuka unakuta umesahau kuvuta.

Upepo ulipiga upindo. Vidole vya Tusekile vilikuwa na madoa ya kahawia ya kumenya kahawa, na aliona Jastin akivitazama.

"Mmeshaanza kumenya," Jastin alisema.

"Wiki iliyopita. Baba anasema kahawa mwaka huu ni nzuri."

"Hajambo?"

"Hajambo. Kaniagiza kwako. Nitakuambia." Alivuta pumzi. "Jasti, kwanza nimekuja kuomba radhi."

"Uliomba kwa meseji."

"Meseji haina uso."

"Haya. Uso nimeuona."

"Basi nisamehe."

Jastin alichoma sindano, akaivuta uzi wote ukapita. "Ungeniambia kwanza. Ungesema, Jasti, nataka kulipeleka jambo lako maombini."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Jastin aliinua macho. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Tusekile alidhani atakasirika, lakini alicheka kidogo puani. "Angalau husemi uongo. Humu kwenye ukoo wetu hiyo kazi ni yangu."

"Usiseme hivyo."

"Kwani si ndivyo wanavyosema? Ruti, dada yangu wa kuzaliwa naye tumbo moja, hapokei simu yangu. Nimempigia leo asubuhi tena." Alishona mishono kadhaa. "Unajua kilichoniuma, Tuse? Si kwamba wamejua. Hata mimi nilikuwa nimechoka kubeba. Kilichoniuma ni kwamba nilikuambia wewe. Nilikuambia nikitaka mtu mmoja akae nalo pamoja na mimi. Wewe ukasikia kazi. Ukaniona mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, na mimi nilikuwa nimelala kwenye mapaja yako."

Tusekile aliikumbuka siku ile. Alikumbuka uzito wa kichwa chake, na jinsi alivyokuwa akimpapasa nywele huku moyoni akipanga atasema nini Jumatano.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utakufa, na mimi nitakufa, na sitakuona tena."

Jastin aliacha kushona.

"Wewe huamini, kwako ni rahisi," Tusekile aliendelea, na sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na machozi. Machozi yalikuwa yameisha mwezi uliopita. "Mimi naamini. Si kwa kuwa baba ni mzee wa kanisa. Naamini mwenyewe. Sasa kwangu ni kama nakuona unaingia barabarani, lori linakuja, na watu wananiambia nikae kimya nisikuudhi. Ungekaa kimya wewe?"

"Hilo hukuwahi kuniambia."

"Nilikuambia kila siku."

"Hapana. Ulinipa vijitabu. Ulinitumia mahubiri kwenye simu mpaka bando langu likawa linaishia huko. Ulimleta mwinjilisti akanikuta nakula, akaniombea na tonge mkononi. Ugali ulipoa, Tuse. Lakini kwamba unaogopa, leo ndiyo nasikia."

Tusekile alitabasamu bila kutaka. "Alikuwa na maombi marefu yule."

"Alimwombea mpaka ng'ombe wa jirani."

Walicheka wote wawili, na kicheko kile kiliuma, maana kilikuwa kilekile cha zamani. Kilipoisha hawakujua waangalie wapi.

"Nilitamani nijue ni nini kilikufanya uwe hivyo," Tusekile alisema. "Mchungaji ananiuliza. Akina mama wananiuliza. Kuna mtu wa kanisa alikukosea?"

"Ndiyo hilo sasa. Kila mtu anataka kisa." Jastin aliuma uzi akaukata. "Sina kisa. Hakuna aliyenikosea. Nilikaa kanisani tangu tumboni. Nilifunga, nilikesha, nilienda semina Vwawa nikalala sakafuni. Wengine waliinuka wanalia kwa furaha. Mimi niliinuka magoti yanauma. Nikadhani mwaka kesho. Mwaka kesho ukafika. Basi nikajifunza kufanya kama wao. Si vigumu. Unaangalia wa pembeni yako."

"Na mama?"

"Mama alikuwa anaumwa, akaniuliza. Wewe ungejibuje?"

Chini Clement alipiga honi fupi. "Shikeni huko juu, foleni inasogea."

Lori liliguna, likatikisika, likaanza kutambaa. Shehena ilipepesuka chini yao. Tusekile aliachia upindo akashika kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa shati la Jastin. Jastin alimzungushia mkono mgongoni, akakaza. Walikaa hivyo lori likisogea hatua chache za mtoto, wakipita vibanda vya chips na mafundi pancha, na watu chini wakiwatazama kama maharusi waliokosa gari. Alinuka jasho, nailoni na moshi wa mkaa. Tusekile aliweka paji la uso begani mwake. Aliwaza, lori hili lisisimame.

Lilisimama. Mkono wa Jastin ulibaki pale kidogo, kisha ukatoka.

"Mzee Timotheo kakuagiza nini?" aliuliza.

Tusekile alirudi mahali pake akashika upindo. Hili ndilo lililomleta. Alikuwa amelikariri tangu Mlowo mpaka Vwawa, na kutoka Vwawa mpaka hapa.

"Baba amesema Jumapili hii usimame kanisani useme umerudi. Useme tu hivyo, umerudi kundini. Amekwishaongea na mama mdogo Ketrina. Mama mdogo yuko tayari kusema kwamba siku ile ulimwambia mama kweli, ila shetani alikupitia baadaye. Yataisha. Msalaba wa mama kaburini utausimamisha wewe, mtoto wa kwanza, kama inavyotakiwa. Na tangazo letu la ndoa litasomwa Jumapili hiyohiyo."

"Na nisipoenda?"

"Baba anasema ng'ombe wawili wasiofanana hawafungwi jembe moja. Mahari itarudi."

Jastin alitunga uzi mpya kwenye sindano. Alikosa tundu, akajaribu tena. "Jumapili hii."

"Ndiyo."

"Niseme tu."

"Useme tu."

Alishona pole pole mpaka akafika mwisho wa mpasuko. Akaweka sindano kwenye kola ya shati lake. "Sawa," alisema.

"Sawa nini?"

"Nitasema." Alijilaza chali juu ya turubai, mkono umeziba macho. "Nimechoka, Tuse. Nimepanga chumba nyuma ya baa, muziki unapigwa mpaka ukuta unaota jasho. Nikifumba macho nakuona umeshika kikombe kwa mikono miwili kama bibi. Kila siku. Nikila peke yangu naona nakula majani. Kama maneno machache mbele ya watu ndiyo yatanirudishia wewe, nitayasema. Nilishawahi kusema makubwa kuliko hayo."

Furaha ilimjia Tusekile kifuani ghafla, ya moto, kama chai ya kwanza asubuhi ya baridi. Ndiyo aliyoifuata. Alijiona kanisani, baba anatabasamu, mama mdogo Ketrina anapiga vigelegele, Jastin kwenye suti ya kuazima iliyombana. Yote yalikuwa pale. Alitakiwa anyamaze tu.

"Niambie mimi kwanza," alisema.

"Nini?"

"Utakavyosema. Nataka nisikie."

Jastin aliinuka akakaa. Alimtazama machoni. Uso wake ulilegea, ukawa mpole, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini na ya kweli kabisa. "Nilipotea, ndugu zangu. Nimerudi kwa Bwana, na sitaondoka tena."

Macho hayakupepesa. Mdomo haukutetemeka. Hata Tusekile, aliyejua, moyo wake uliitika amina.

"Ndivyo ulivyomwambia mama?" aliuliza. "Kwa sauti hiyo?"

"Kwa sauti hiyo."

"Kwa macho hayo?"

"Tuse, umetaka kusikia."

"Nimesikia." Aliachia upindo. Upepo uliuchukua ukaupiga kwenye magunia. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Usiseme. Sitaki."

Jastin alimtazama kama mtu aliyeondolewa kiti akitaka kukaa. "Umetoka Igamba kuja kuniambia niseme. Nimekubali. Sasa unakataa wewe?"

"Nakataa mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unasema vizuri mno. Nitaishi na wewe mpaka tuzeeke nikiangalia mdomo wako wakati wa sala. Ukisema amina nitajiuliza. Ukimwombea mtoto wetu nitajiuliza. Halafu siku moja utaniambia unanipenda, kwa sauti hiyohiyo, na hapo nitajiulizaje?"

"Kukupenda si uongo."

"Najua leo. Leo najua." Alijifuta pua kwa kanga. "Na siku nitakayokuwa nimelala kama mama, nikuulize kama tutaonana, utanijibu vizuri. Nitakufa na jibu zuri. Mimi sitaki jibu zuri, Jasti. Nataka uamini. Nataka kuliko ninavyoitaka harusi. Ndiyo maana siwezi kulichukua hilo ulilonalo mkononi."

"Baba yako utamwambia nini?"

"Nitamwambia wewe ulikubali na mimi nikakataa."

"Watakutoa kwaya."

"Wanitoe."

"Watasema nimekuroga."

"Tangu lini asiyeamini akaroga?"

Jastin alitaka kucheka, akashindwa. Aliinama, viwiko magotini. Chini Clement alikuwa anaimba na redio yake, wimbo wa kanisani wa kwao, sauti mbaya lakini ya mtu mwenye hakika.

"Nikuulize kitu?" Jastin alisema.

"Uliza."

"Wewe ukisali, unasikia nini?"

Kwa miaka yote ya kuhubiriwa hakuwahi kuuliza. Tusekile alikuwa na jibu la semina, alilijua kwa kichwa, lilikuwa na sehemu na mifano. Alilifungulia mdomo. Akaufunga.

"Mara nyingi sisikii kitu," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Siku ulipoondoka nilisali mpaka kibatari kikazima. Sikusikia kitu. Kesho yake nikasali tena." Alikuwa anavuta nyuzi za kanga yake. "Si sauti. Sijawahi kusikia sauti, wanaosema wanasikia sijui. Ila sijawahi kuona kama naongea na ukuta. Naona kuna mtu. Amenyamaza, lakini yupo. Ni hilo tu, Jasti. Zaidi ya hapo sina."

"Kwa nini hukuniambia hivyo mwanzoni, badala ya vijitabu?"

"Nilidhani haitoshi."

Jastin alikaa nalo. Tusekile hakumsukuma. Kilikuwa kitu kigumu kukifanya kuliko kupanda lori, kukaa pale na kutomsukuma.

"Mimi naona ukuta," Jastin alisema mwishoni.

"Najua."

"Lakini nimekusikia."

"Haya."

Clement alipanda kwa kamba kukagua mshono. Aliupapasa kwa kidole gumba, akavuta, akaguna kwa kuridhika. Kisha akawatazama nyuso zao. "Mmepatana?"

"Hatujui," Jastin alisema.

"Basi bado ni mke na mume," Clement alisema, akashuka.

Jastin alitangulia chini, akampokea Tusekile kwa kiuno, na alipomweka ardhini mikono haikutoka mara moja. Walisimama kati ya matairi makubwa kuliko wao, vumbi likipita. Tusekile alitoa sweta kwenye mfuko. Lilikuwa la kijivu, kiwiko kimoja amekishona upya kwa uzi wa bluu kwa kukosa wa kijivu. Jastin alilivaa palepale juu ya shati chafu. Alinusa mkono wa sweta. Tusekile alijifanya hakuona.

Walitembea mpaka kituoni wakiwa na nafasi ndogo kati yao, mikono ikigusana na kuachana. Coaster la Mlowo lilikuwa linaita watu.

"Utakuja tena?" Jastin aliuliza.

"Sijui kama nitaruhusiwa."

"Sijauliza hilo."

Tusekile alipanda ngazi ya gari, akageuka. Alimwona kwenye sweta lile, kiwiko cha bluu, macho yale yasiyolala. Alitaka kusema Mungu akulinde, kama alivyozoea. Safari hii alimtazama kwanza.

"Nikuombee?" aliuliza. "Mimi peke yangu. Nyumbani. Hatasikia mtu."

Jastin aliwaza. Konda alikuwa anagonga bodi ya gari. "Niombee," alisema. "Ila ukijibiwa uniambie mimi kwanza."

Tusekile alimweleza baba yake Jumamosi, wakiwa wanachambua kahawa mezani. Hakupunguza neno. Mzee Timotheo alimsikiliza mpaka mwisho, akaondoa punje mbovu, akaweka pembeni, akasema, "Mtu alikuwa anakuja mlangoni, wewe ukamfungia."

"Hakuwa anakuja, baba. Alikuwa ananifurahisha mimi."

"Wengi waliingia kwa kufurahisha watu. Baadaye wakaamini."

Tusekile hakuweza kumjibu, maana huenda ilikuwa kweli. Aliliwaza sana jambo hilo, na bado analiwaza.

Basi hesabu yake ni hii. Tangazo la ndoa halikusomwa. Ng'ombe wa mahari walirudishwa kwa kina Jastin, wakaswagwa barabarani mchana, wote wakiona, na yule mwekundu aliyemzoea Tusekile aligeuka njiani mara kwa mara. Sare ya kwaya aliifua, akaipiga pasi, akairudisha mwenyewe. Jumatano hasimami tena kutaja hitaji, na akina mama wakiona anakaa, huongea mambo ya mvua. Mama mdogo Ketrina haitikii shikamoo yake. Msalaba wa mama yake Jastin ulisimamishwa na Osea, na yalipotajwa majina ya watoto wa marehemu, waliruka moja. Mzee Timotheo anakula anachopika binti yake, lakini hasemi asante, na alikuwa mtu wa kusema asante.

Na Jastin yuko Tunduma, anashona turubai, na haamini. Hilo nalo lihesabiwe, maana kwamba aamini ndilo jambo Tusekile alilolitaka kuliko yote.